Jinsi ya Kurekodi Albamu ya Kisaikedelia Bila Mwimbaji

Wapigaji mliokaa pamoja kwa miaka mna jambo moja ambalo wengine hawana: kila mmoja anajua mwenzake atafanya nini kabla hajafanya. Mpiga gitaa akiinua kichwa, mpiga dramu ameshabadilisha mdundo. Mwimbaji akisahau ubeti, bendi nzima inazunguka palepale mpaka aukumbuke, na wanaocheza ukumbini hawajui kama kulikuwa na ajali. Ujuzi huo mmeupata kwa jasho, na miaka yote mmeutumia kumbeba mtu anayeimba mbele yenu. Sasa mnataka albamu yenu wenyewe, ya ala tupu, tena ya kisaikedelia: gitaa linaloelea, mwangwi mrefu, nyimbo zinazomtoa msikilizaji alipo bila kumwambia anakopelekwa.

Mwongozo huu ni wenu. Nimeuchota Houston, Texas, kwa watu watatu wanaojiita Khruangbin. Albamu yao ya kwanza, The Universe Smiles Upon You, ilitoka mwaka 2015, na kwa kazi ya namna hii sijaona somo linaloifikia. Fuateni kama ilivyoandikwa. Yapo maagizo yatakayowachekesha. Chekeni, kisha mfanye hivyo hivyo.

Kwanza, tafuteni kanisa.

Najua mlitarajia nianze na makanyagio ya gitaa. Yatakuja. Mark Speer, mpiga gitaa, na Donald Johnson, ambaye wengi wanamwita DJ, walikutana mwaka 2004 kwenye bendi ya injili ya St. John's, kanisa la Kimethodisti la Houston lililokuwa chini ya mchungaji Rudy Rasmus. Speer alishika gitaa, Johnson akakaa kwenye ogani. Tazameni kazi ya kanisa la namna ile ilivyo. Mhubiri anaanza kwa sauti ya mazungumzo. Mpiga ogani anaweka kodi moja chini kabisa, laini, anaiacha hapo. Mhubiri anapanda, ogani inapanda nyuma yake kidogo, isimpite. Mama mmoja kwenye benchi la tatu anaanza kulia, gitaa linanyamaza. Hakuna nota iliyoandikwa kwa ajili ya dakika ile, hakuna anayehesabu moja-mbili-tatu, na ole wake mpiga gitaa atakayeingiza solo katikati ya sala ya mjane. Kumsogeza mtu kwa sauti, taratibu, bila kumburuta, kunafunzwa pale kuliko studio yoyote ninayoijua.

Kama ninyi si watu wa kanisani, tafuteni kazi nyingine yenye masharti yaleyale: kila wiki, wapigaji walewale, mbele ya watu waliokuja kwa sababu isiyowahusu ninyi. Bendi ya hotelini inafaa. Kikundi cha taarab asilia kinafaa zaidi, maana humo wapigaji wameshazoea bashraf, ala zikizungumza zenyewe na mwimbaji akisubiri zamu yake. Jambo la kuepuka ni kukutana kwa mara ya kwanza siku ya kurekodi. Muziki wa ala tupu unaumbua. Palipo na maneno, maneno yanaziba nyufa za bendi. Yakiondoka, msikilizaji anasikia waziwazi nani hamsikilizi nani.

Kisha kuleni pamoja. Mazoezi ya ile bendi ya kanisa yalikuwa Jumanne, na baada ya mazoezi Speer na Johnson walikuwa na desturi ya kwenda kula na kuzungumza. Wakaifuata kwa miaka kabla hawajarekodi chochote cha kwao. Msiiruke hatua hii kwa kisingizio cha foleni za barabarani au watoto wanaosubiri nyumbani. Mezani ndipo mtu anapokiri kwamba anapenda wimbo fulani ambao jukwaani angeona aibu kuutaja, na albamu yenu itajengwa kwa nyimbo hizo za aibu.

Mkishashiba miaka kadhaa, mnyang'anyeni mpiga ogani ogani yake na mumweke kwenye dramu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa Johnson. Katika Khruangbin anapiga dramu, na ninaamini nusu ya uzuri wa albamu ile inatokana na hapo. Mtu aliyekulia kwenye kinanda anausikia wimbo mzima: kodi zinakokwenda, sauti inapobanana, mahali pa kupumua. Ukimpa vijiti hana haja ya kuwaonyesha watu kwamba mikono yake ni myepesi. Anaweka mdundo, anakaa ndani yake. Johnson anapiga kwa uthabiti unaofanana na kipande cha dramu kilichokatwa kwenye sahani ya santuri na kurudiwa, kama watayarishaji wa rap wanavyofanya, isipokuwa hapa anayerudia ni binadamu, na pumzi yake inasikika. Mpiga dramu mliyenaye sasa, yule anayemaliza kila mstari kwa kuzunguka ngoma zote, mpeni ogani. Ataelewa baada ya mwaka mmoja.

Halafu mtafuteni mwanafunzi, mmoja tu, na mumkabidhi besi.

Laura Lee Ochoa hakutoka kwenye ile bendi ya kanisa. Alifahamiana na Speer mwaka 2007, na kilichowaunganisha ni mapenzi ya muziki wa Afghanistan. Besi aliianza akiwa mtu mzima, kwa kutiwa moyo na Speer, na mwaka 2010 wote wawili walikuwa barabarani wakipiga na Yppah, msanii aliyekuwa akimfungulia Bonobo jukwaa. Waliporudi wakataka bendi yao, na wa kumwita kwenye dramu hakuwa na mshindani. Kwa hiyo bendi hii ina watu wawili waliopikwa pamoja kwa miaka na mmoja aliyekuja na mikono mipya. Mwanafunzi hana hazina ya mbwembwe. Ana nota chache, na kwa kuwa kila moja imemgharimu, anaiheshimu. Sikilizeni mistari ya besi ya Laura Lee: mifupi, ya duara, unaweza kuiimba mara ya pili ukiisikia. Mkongwe angeona aibu kupiga kitu chepesi kiasi hicho kwa dakika nne, na aibu hiyo ndiyo inayoharibu albamu nyingi za wakongwe.

Mpangilio wao wa kutunga nao una maana kubwa. Dramu inatangulia, besi inatafuta njia juu yake, gitaa linafika mwisho. Bendi nyingi hufanya kinyume: mpiga gitaa anakuja na wimbo mfukoni, wengine wanautumikia. Kwenye muziki wa ala tupu agizo langu ni kali. Mpiga gitaa akae nje ya chumba mpaka besi na dramu ziweze kusikilizwa zenyewe bila mtu kuuliza kilichobaki ni nini. Akiingia, aingie kama mwimbaji: mstari mmoja, pumzi, mstari wa pili. Gitaa la Speer linaimba hivyo. Lina beti na lina kiitikio, na mahali ambapo mwimbaji angevuta hewa, nalo linanyamaza.

Sasa zoezi. Hili mlifanye kabla ya kununua kifaa chochote.

Chagueni mdundo mmoja wa mapigo manne, kwa mwendo wa mtu anayetembea jioni bila haraka. Ngoma ya mguu kwenye pigo la kwanza, kijiti kwenye ukingo wa snea kwenye la pili na la nne, matoazi ya mguuni yamefungwa. Besi nota tano, zisizidi. Anzeni, na msibadilishe kitu kwa dakika 20. Dakika ya 5 mtachoka. Dakika ya 8 mmoja wenu atataka kuongeza pambo. Mwangalieni machoni mpaka aache. Mkiendelea, sikio linaacha kufuata wimbo na linaanza kusikia vitu. Kidole kinapoachia uzi kuna mkwaruzo mdogo. Nota ya chini ya besi inapogonga, waya zilizo chini ya snea zinatetemeka zenyewe ingawa hakuna aliyeigusa. Nota ya tatu ya besi inachelewa kidogo, kila mara, kwa kiasi kilekile, na kuchelewa huko ndiko kunakomfanya mtu atikise kichwa. Mpaka hapo hakuna kanyagio lililowashwa, hakuna mwangwi, na chumba kimeshabadilika. Mkipata hali hiyo hata kwa dakika 2, mna albamu. Msipoipata, rudini kanisani.

Houston yenyewe iliwasaidia kwenye suala la mwendo. Huo ndio mji wa DJ Screw, aliyefariki mwaka 2000, ambaye miaka ya 1990 alipunguza kasi ya nyimbo za rap mpaka sauti za warapu zikawa nzito na mdundo ukawa unajikokota. Sikio la mji mzima lilifunzwa kwamba wimbo ukipunguzwa mwendo unafunguka. Kwa hiyo wimbo wenu wowote mnaodhani umekamilika, upunguzeni kidogo. Kisha kidogo tena.

Kuhusu dawa za kulevya nitasema kwa ufupi na bila kuzunguka. Neno saikedelia lilikuja mjini likiwa limeshikana mkono na LSD, na Texas ilihusika: The Psychedelic Sounds of the 13th Floor Elevators, ya bendi ya Austin, ilitoka mwaka 1966 na ni miongoni mwa albamu za kwanza kubeba neno hilo kwenye jina. Mwimbaji wake, Roky Erickson, alikuwa na sauti ambayo bado inanisisimua. Mwaka 1969 alikamatwa kwa bangi, utetezi wake ukawa kwamba hana akili timamu, na akafungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Rusk mpaka mwaka 1972. Bendi ile haikupata nafasi ya kuzeeka pamoja. Ninyi mmeshapata nafasi hiyo. Leteni chai.

Haya, vifaa. Sauti ya fuzi, ule mkwaruzo wa gitaa uliojaa kwenye muziki wa miaka ya 1960, ilizaliwa kutokana na ubovu. Studio moja ya Nashville ilikuwa ikirekodi wimbo wa Marty Robbins uliotoka mwaka 1961, na besi ya Grady Martin ikapita kwenye mkondo mbovu wa mitambo na kutoka ikiwa imechanika. Wakaiacha. Mwaka 1962 kukawa na kifaa dukani cha kutengeneza ubovu uleule kwa makusudi, Maestro Fuzz-Tone. Basi amplifaya yenu inayokoroma msiipeleke kwa fundi kabla hamjaisikiliza vizuri.

Na fundi mkimpata, mwajirini. Osbourne Ruddock, King Tubby, alikuwa fundi wa vyombo vya umeme Kingston, Jamaika. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alichukua nyimbo zilizokwisha rekodiwa, akaondoa sauti ya mwimbaji, akaiacha besi na dramu, na kila alichokirudisha alikirudisha kwa vipande, kimezama kwenye mwangwi. Hakuongeza ala hata moja. Alipunguza, na nyimbo zikawa kubwa kama mapango. Athari ya mtindo huo, uitwao dabu, inasikika waziwazi kwa Khruangbin, na ninaitaja kwa sababu kila bendi inayoanza saikedelia hukimbilia kujaza. Makanyagio kumi na mawili, sinthesaiza tatu, kengele za Kitibeti. Mpeni mpiga gitaa gitaa moja, mwangwi mmoja na kanyagio la wah. Akilalamika, mpigieni King Tubby.

Sasa hameni mjini. Speer familia yake ina shamba Burton, kijiji kati ya Houston na Austin, na humo mna banda. Huko ndiko Khruangbin walikokwenda kurekodi, kwenye banda la shambani lisilo na kuta za kuzuia sauti. Mmoja wa nyimbo zao za mwanzo unaitwa A Calf Born in Winter, ndama aliyezaliwa kipupwe, na Bonobo aliuweka kwenye mkusanyiko wake wa Late Night Tales wa mwaka 2013, miaka miwili kabla ya albamu. Studio ya mjini mnalipia kwa saa, na saa inamfanya mpigaji awahi. Banda halina mtu anayeangalia saa ukutani. Upepo ukipita katikati ya wimbo, msikate. Ndege akiita kwenye nafasi mliyoiacha wazi, nafasi ilikuwa yake. Ng'ombe ni suala la makubaliano kati yenu na ng'ombe.

Mtahitaji walimu wa mbali, na hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa kuwa wengi hukosea heshima. Khruangbin walipenda muziki wa Thailand wa miaka ya 1960 na 1970, hata jina la bendi wakalitoa kwa Wathai, wanavyoita ndege ya kupanda. Muziki wenyewe ulikuwa umeshasafiri sana kabla ya kuwafikia. Uingereza kulikuwa na The Shadows, bendi ya magitaa iliyovuma kwa Apache mwaka 1960, wimbo usio na neno hata moja. Sahani zao zilifika Bangkok, na vijana wa huko wakaunda bendi za magitaa zilizoitwa kwa jina hilohilo, wong shadow. Halafu vita vya Vietnam vikaleta wanajeshi wa Marekani kwenye kambi za Thailand, na pamoja nao soul na roki. Wanamuziki wa Thailand hawakukopi wakaishia hapo. Gitaa la umeme walilipindisha likafuata sauti zao, na huko Isan, kaskazini-mashariki, hata phin, gitaa lao la asili, likaunganishwa na amplifaya. Miongo kadhaa baadaye watu watatu wa Texas wanasikiliza rekodi hizo, wanakuta gitaa linaimba kama binadamu, na wanajua cha kufanya.

Agizo langu kwenye jambo hili lina sehemu mbili. Sikilizeni mpaka muweze kuuimba mstari mzima wa gitaa kwa mdomo, pamoja na mapindo yake, kabla ya kugusa gitaa lenyewe. Na watajeni walimu wenu kila mkiulizwa. Mwanamuziki wa Isan aliyepiga phin miaka 50 iliyopita hana wakala wa kumtetea; ana ninyi.

Majina ya nyimbo yanahitaji jioni nzima na chakula. Wimbo usio na maneno una maneno yale tu ya jina, kwa hiyo msiandike "Safari ya Nafsi Namba 3". Kwenye The Universe Smiles Upon You kuna Two Fish and an Elephant, samaki wawili na tembo, na kuna The Man Who Took My Sunglasses, mtu aliyechukua miwani yangu ya jua. Jina la namna hiyo linamkabidhi msikilizaji wahusika, kisha linamwacha atunge kisa mwenyewe gitaa likiwa linapita. Ninamjua yule mtu wa miwani. Nimemwona mara nyingi, ana haraka, na kila nikiusikiliza wimbo anatokea upande mwingine wa barabara. Chagueni vitu vinavyoonekana: mnyama, jirani, kitu kilichopotea.

Sauti za binadamu hazikatazwi. Khruangbin wanaimba kidogo kwenye albamu hiyo, White Gloves kwa mfano, na wanaimba kwa chini, kwa pamoja, sauti ikiwa ala mojawapo kati ya nyingine. Sharti ni moja: anayeimba asisogezwe mbele.

Wigi nunueni mbili zinazofanana, nyeusi, ndefu, zenye nywele zilizokatwa sawa juu ya macho. Laura Lee na Speer wanazivaa jukwaani. Mkizivua mnaweza kwenda sokoni kununua nyanya bila kusimamishwa.

Na siku moja mtaulizwa mwimbaji yuko wapi. Msijitetee. Bendi iliyojifunza kuacha nafasi haikai muda mrefu bila mtu wa kutaka kukaa kwenye nafasi hiyo. Kwa Khruangbin alikuja Leon Bridges wa Fort Worth, wakatoa Texas Sun mwaka 2020, na mwaka 2022 ikaja Ali, waliyoirekodi na Vieux Farka Touré wa Mali kwa nyimbo za baba yake, Ali Farka Touré. Kwenye Ali utulivu wote wa banda la Burton upo palepale, na gitaa la Vieux linatembea ndani yake bila kugongana na mtu. Speer, ambaye angeweza kujibizana naye nota kwa nota, mara nyingi anakaa nyuma. Huyo ni mpiga gitaa aliyewahi kunyamaza kwa ajili ya mama wa benchi la tatu.

Mwimbaji wenu atakapofika, mpeni kiti na chai. Washeni mdundo mmoja wa mapigo manne, besi nota tano, na mumwambie kipaza sauti kitawashwa baada ya dakika 20.